Wembe Uliomruka Mwanangu

Nina hasira, na sitaki mtu yeyote aniambie nimwachie Mungu. Mungu nimeshamwachia mengi. Nilimwachia tumbo langu lililokataa kushika mimba, nikamwachia figo za mume wangu, na kote huko akaamua alivyoamua, nami nikaitikia amina. Hili la wembe si lake. Hili ni la watu, tena watu ninaowafahamu, waliokula ugali kwangu na kulala kwenye shuka zangu, na hao ndio ninaotaka kuwasema hapa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi. Nashona sare za shule kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo watoto wa mji huu nawajua kwa mabega na viuno kabla sijawajua kwa sura. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Msimu wa pamba alibeba marobota kupeleka Mwanza, na msimu ukiisha alibeba chochote kilichopatikana, mpunga, mbao, hata ng'ombe wa mnada. Tulioana tukiwa vijana, tukakaa miaka bila mtoto, tukazunguka hospitali na kwingine ambako sitakutaja. Siku moja yeye mwenyewe, akiwa anafunga kamba za viatu wala haniangalii, akasema, "Mbona watoto wapo?" Alikuwa ametoka kushusha magunia ya mchele kwenye kituo cha kulelea watoto, na huko kuna mtoto alikuwa amemkamata kidole akakataa kukiachia.

Watu wanadhani unakwenda, unachagua, unaondoka naye, kama vile umenunua kifaranga mnadani. Si hivyo. Tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, tukahojiwa pamoja, tukahojiwa kila mtu peke yake, nyumba ikakaguliwa mpaka choo. Tukapewa mtoto tukae naye kwanza tuonekane kama tunafaa, na baada ya muda mrefu sana ndipo mahakama ikasema ni wetu. Majirani walipomwona yule mama wa ustawi akija na begi lake mara kwa mara, walidhani tuna kesi. Mmoja alinifuata kisimani kunishauri nitafute wakili mapema.

Lakini kabla mtoto hajaingia ndani, mama mkwe wangu alikuja. Alitoka Lalago na basi la asubuhi, amebeba jogoo kwapani, na hakutaka hata chai. Mume wangu alikuwa ameshampigia simu kumweleza furaha yetu, maskini, akidhani anapeleka habari njema. Mama mkwe alinivuta chumbani, akafunga mlango, akafungua mkoba wake akatoa kanga. Zilikuwa zimekunjwa vizuri, zinanukia sabuni.

"Mayu," aliniambia, maana huku hata mkwe ukimheshimu unamwita mama, "huu mwezi funga moja hapa tumboni. Mwezi ujao ongeza. Usizifunge kwa kulegea, zitashuka. Ukianza kuonekana, nenda Lamadi kwa dada yako anakouza dagaa, kaa huko, halafu urudi na mtoto. Nitakuja mwenyewe kukukanda na maji ya moto. Nitakupikia uji. Nani atauliza?"

Alikuwa amepanga kila kitu. Angenikanda! Angechemsha maji, akachovya taulo, akanikanda tumbo ambalo halijazaa kitu, mlango wazi ili majirani wasikie nikiguna. Sikujua nicheke au nilie. Akaniambia kuna wanawake wengi tu waliofanya hivyo, na wajukuu zao leo wana wajukuu, na hakuna anayejua.

"Mayu," nilimjibu, "mimba sina. Ila mtoto ninaye."

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya dirisha anasikiliza, kwa sababu hakuwa na haya hata kidogo. Akaingiza kichwa akasema, "Mama, huyo mtoto ameshaota meno. Tutasema amezaliwa nayo?" Akacheka kile kicheko chake cha kugonga paja. Mama yake hakucheka. Alikunja kanga zake moja moja, akazirudisha mkobani, akaondoka na basi la mchana. Jogoo alibaki, tukamchinja siku mtoto alipofika, naye akala mchuzi wake.

Nataka msomaji aelewe jambo moja kuhusu mume wangu. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo, alipenda pombe ya kienyeji kuliko nilivyopenda, na siku za malipo nilikuwa namfuata mwenyewe. Lakini uongo wa namna ile ulimchefua. Alisema mtoto akijengewa nyumba juu ya kanga, siku zitakapofunguka itakuwa aibu yake yeye mtoto, si yetu. Kwa hiyo tulisema ukweli tangu mwanzo. Tuliwaambia majirani, tukawaambia kanisani, na binti yetu mwenyewe tulimwambia angali anajifunza kuongea, kidogo kidogo, mpaka ikawa kwake ni habari ya kawaida. Akiwa chekechea alikuwa anawaambia wageni, "Mimi nilimshika baba kidole," kana kwamba yeye ndiye aliyetuchagua.

Basi, baada ya hapo ikaanza ile adhabu ya kusifiwa. Mtu anakuja kushonewa sketi, anamwona mtoto amekaa chini ya meza ya cherehani anachezea vifungo, anashika kifua. "Dada, una moyo. Umejipatia thawabu." Thawabu! Kama vile namlisha mtu mwingine chakula cha msaada. Mimi nilikuwa namlea mwanangu. Nilikuwa nampigia kelele aoge, namnyima soda, nalala na miguu yake mbavuni akiwa na homa. Yule mama aliyekuwa ananisifu alikuwa na watoto wake wanne, na sijawahi kumwambia ana thawabu kwa kuwapikia.

Na wengine walikuwa wanauliza mbele yake, "Wazazi wake halisi wako wapi?" Mbele yake. Mtoto anasikiliza, sindano yangu inakwenda, na mtu mzima amekaa kwenye benchi langu anauliza nani halisi. Nilijifunza kujibu, "Mmoja anakushonea blauzi, mwingine amepeleka marobota Mwanza." Wengine walielewa. Wengine walidhani sikusikia swali, wakalirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa upande wa ukoo wa mume wangu, hakuna aliyemtukana mtoto. Niseme haki. Tukienda Lalago kuvuna pamba alipewa kikapu chake kidogo, akachuma na wenzake, akaitwa akale. Wifi yangu mkubwa, dada wa kwanza wa mume wangu, ambaye watoto wote wa nyumba ile humwita sengi, yaani shangazi, alikuwa anamsuka kabla hajaanza shule, na kumtania kwamba atamwoza kwa mzee mwenye ng'ombe wengi. Mwanangu alikuwa anampenda sengi wake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama wangemchukia waziwazi, maana adui unamjua.

Mume wangu alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyempata ujanani kabla hatujaonana, kwa mwanamke wa Lingeka. Hakumwoa, hakumtolea chochote, na kwa desturi ya huku mtoto alibaki wa ukoo wa mama yake. Binti yetu alipokuwa ameshaanza shule, baba mkwe, ambaye sasa naye ni marehemu, aliamua kwamba haiwezekani mwanawe afe bila mrithi wa damu. Akapeleka ng'ombe Lingeka wakamkomboa yule kijana. Ndivyo tunavyosema, kukomboa. Ng'ombe wakaingia kwenye zizi la Lingeka, na siku hiyohiyo kijana akawa wa Lalago, akiwa na ndevu tayari, asiyejua hata baba yake anakunywa chai na sukari au bila sukari. Sina ugomvi na yule kijana. Ni mpole, na hakuomba kukombolewa. Ninachosema ni kwamba ukoo ule ulijua kabisa njia ya kumfanya mtu awe wao. Walishafanya. Kumbe kwa ng'ombe inawezekana, ila kwa uji wa kila asubuhi haiwezekani.

Kisha figo za mume wangu zikaanza kukataa. Alivimba miguu mpaka viatu vya kufunga kamba vikawekwa juu ya kabati. Lori likachukuliwa na dereva mwingine. Tukawa watu wa kwenda hospitali Mwanza na kurudi, na siku za nyumbani binti yetu ndiye aliyekuwa mkono wangu wa pili. Akitoka shule anaweka begi, anachemsha maji, anamwosha baba yake miguu kwenye beseni la bluu. Baba yake, kwa kuwa mdomo haukuugua, alikuwa anamuuliza hesabu za kuzidisha huku anaoshwa, na akikosea anarusha maji. Nilikuwa nawasikia nikiwa kwenye cherehani. Sijui kama kuna damu inayofanya kazi kuliko hiyo.

Alifariki mchana, mvua ikinyesha, nimemshika mkono huu na binti amemshika ule.

Tulimpeleka kuzika Lalago, kwao. Msiba ulikuwa mkubwa, alikuwa na marafiki wengi barabarani, madereva walikuja wakaegesha malori kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa. Watu walinipa pole. Walimpa pole mama mkwe, wakampa pole wifi, wakampa pole yule kijana wa Lingeka ambaye alikuwa anaangalia chini tu kila akishikwa mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa changu hakiko sawa, ndiyo maana sikuona mapema. Binti yangu alikuwa anagawa maji ya kunawa. Mtu ananawa, anamshukuru, anapita kwenda kumpa pole yule kijana.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, ukoo unanyolewa. Wengine siku hizi wameacha, lakini ukoo wa mume wangu haujaacha, pamoja na kwamba wengi wao ni watu wa kanisa. Mnakaa nyuma ya nyumba, chini, mmenyoosha miguu. Dada mkubwa wa marehemu anakuja na beseni la maji ya sabuni na wembe, anaanza na mama mzazi, kisha mjane, kisha watoto kuanzia wa kwanza, ndipo ndugu. Kipara hicho si urembo. Ukikutana na mtu mwenye kichwa kinachong'aa unajua amefiwa na mtu wake wa karibu, unampa pole hata kama humjui. Watoto wa shule wote huku wana nywele fupi, lakini fupi si kipara. Mtoto akirudi darasani amenyolewa kwa wembe, mwalimu hana haja ya kuuliza. Kuna msichana wa darasa la binti yangu aliyefiwa na mama yake mwaka uliopita. Aliporudi na kipara, mwalimu aliwasimamisha wanafunzi wote wakampa pole, na kwa wiki nzima hakuna aliyemtuma kufagia. Binti yangu alinisimulia hayo wakati ule, nami nikasahau. Yeye hakusahau.

Wifi alimnyoa mama yake. Akaninyoa mimi, vizuri, kwa upole, machozi yake yananidondokea shingoni. Akahamia kwa yule kijana wa Lingeka, akamnyoa. Pembeni ya kijana alikuwa amekaa binti yangu. Alikuwa amevua kitambaa, amekikunja kwenye mapaja, na ameinamisha kichwa kabisa, shingo imenyooka, ili kumrahisishia sengi wake kazi.

Wifi akasuuza wembe, akapiga hatua, akaenda kwa mdogo wake wa kiume.

Mwanangu hakuinua kichwa. Alidhani amerukwa kwa sasa tu, kwamba pengine kuna utaratibu wake. Alibaki ameinama vilevile wakati anko wake ananyolewa, na anko wa pili, na shangazi mdogo. Nywele za watu zinaanguka, na yeye ameinama anasubiri zamu. Ile shingo naiona hata sasa ninapoandika.

"Wifi," nilisema, "umemruka mtoto."

Akaja akachutama karibu yangu, wembe mkononi, akaongea kwa sauti ya chini ya mtu anayekutakia mema. "Wifi, usinielewe vibaya. Huyu mtoto ana kwao, ila sisi hatupajui. Tukimnyoa hapa, marehemu atamhesabu. Na mizimu ya kwao huko nayo itauliza, nani kamnyoa mtoto wetu? Ataanza kuota, ataugua, atakuwa anasumbuliwa na marehemu. Tunamlinda, wifi yangu."

Wanamlinda! Angeniambia kwa chuki ningemwelewa. Alinishika bega akaniambia kwa huruma kwamba mtoto aliyemwosha baba yake miguu mpaka siku ya mwisho si mtu wa kufiwa, na alitaka nishukuru.

Nikasema mahakama ilitupa sisi huyu mtoto, ana jina la baba yake. Shemeji yangu, kipara chake kibichi bado kinatoa damu pembeni, akajibu kwamba mahakama haijui makaburi yao. Nikamwangalia mzee wa kanisa letu aliyetusindikiza kutoka Bariadi, ambaye kila Jumapili anatuambia mizimu ni ushirikina, naye akawa anaangalia viatu vyake. Yule kijana wa Lingeka akasema taratibu, "Mnyoeni tu," ndilo neno pekee nililomsikia akisema msiba wote, wakamwambia anyamaze, yeye mtoto. Nikapandisha sauti. Mjane hapandishi sauti siku ile, najua, na nikapandisha. Nikawauliza wale ng'ombe wa Lingeka walilipwa kununua nini kama si kitu hikihiki wanachoniambia hakinunuliki.

Kisha wifi akapata wazo, na uso wake ukafunguka kabisa. "Basi tumkate kidogo hapa juu ya sikio, kwa mkasi," akasema, "kama tunavyowakata majirani."

Mama mkwe alikuwa amekaa ukutani, kichwa kitupu, amezeeka ghafla. Hakuongea na wenzake. Aliniangalia mimi akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, "Nilikwambia ufunge kanga."

Binti yangu ndipo akainua kichwa. Alituangalia wote, akajifunga kitambaa chake, akanisogelea akanishika mkono. "Mama, acha," akasema. "Nywele zenyewe hazijakua sana."

Tulirudi Bariadi siku hiyohiyo. Sikumuaga mtu.

Nyumbani viatu vya mume wangu bado vilikuwa juu ya kabati. Binti yangu alianika sare yake ya shule, akaiweka sawa mikunjo kwa vidole kama nilivyomfundisha, maana kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Bila kugeuka aliniuliza, "Mama, kwa nini hukufunga kanga?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo miaka yote, jibu zuri, nikamwambia: baba yako hakupenda uongo, wala mimi, tulitaka ujue wewe ni nani bila kuambiwa na mtu wa mtaani.

"Lakini ningenyolewa," akasema.

Nataka niandike hapa, wasome wale wote wanaotuambia tuwe wakweli kwa watoto wetu, afisa ustawi na hakimu na mchungaji, kwamba tulikuwa wakweli, na malipo ya ukweli ni mtoto anayeniuliza kwa nini sikudanganya. Sijuti. Leo wakinipa tena zile kanga nitazikataa tena. Lakini nilijua siku ile kwamba ukweli wetu tuliusema sisi na bili ameletewa yeye.

"Kesho wataniangalia kichwa," akasema. "Watasema kumbe hakuwa baba yangu."

Nikainuka. Nikaenda dukani ng'ambo ya barabara nikanunua wembe na kipande cha sabuni. Nikatoa kigoda nikakiweka mbele ya nyumba, palepale barabarani wanapopita watu wa sokoni, nikatoa na lile beseni la bluu. Jirani yangu aliyenifuata kisimani enzi zile akasimama mlangoni kwake, akaona, akaja mbio.

"We mama! Mjane hashiki wembe kumnyoa mtu. Unataka kumletea mtoto balaa?"

"Leo mjane ameushika," nikamwambia. "Nenda kaonje mboga yako, inaungua."

Binti yangu alikaa kwenye kigoda, akavua kitambaa, akakikunja mapajani. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, na ndipo nikajua kwamba kule Lalago alisikia kila kitu. "Na baba akija kunisumbua?"

"Aje," nikasema. "Ni baba yako. Kukusumbua ni kazi yake. Alikusumbua na hesabu za kuzidisha mpaka akiwa amelazwa, leo ndiyo ataacha?"

Akacheka kidogo, puani. Kisha akainamisha kichwa, shingo imenyooka, vilevile kama asubuhi. Nikampaka povu. Nikasubiri kwanza kabla ya kugusisha wembe, hasira zangu zisije zikamkata yeye. Kichwa kile nakijua. Najua kovu la nyuma ya sikio, siku aliyoanguka kwenye ngazi ya lori. Najua pale utosini palipokuwa na upele alipokuja kwetu, nikampaka mafuta ya nazi mpaka ukaisha. Nilinyoa kuanzia mbele kwenda nyuma, nasuuza, nanyoa tena. Watu walipita, wengine wakapunguza mwendo, jirani yangu alikuwa amerudi mlangoni kwake ameshika kiuno.

Akapita mwanamke na beseni la nyanya kichwani. Simfahamu, hakuwa wa mtaa wetu. Aliona kichwa changu, akaona cha mtoto ambacho kilikuwa nusu cheupe nusu cheusi, akasimama. Akateremsha beseni lake chini, mavumbini, akajifuta mikono kwenye kanga. Hakunisemesha mimi. Alichutama mbele ya binti yangu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mfiwa.

"Pole, ng'wana," akamwambia. "Pole sana, mwanangu. Nani amefariki?"

"Baba yangu."

Na hapo akalia. Hakuwa amelia makaburini, wala kwenye mkeka, wala njiani kurudi. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, barabarani, na watu wa sokoni wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wanampa pole. Sikumwambia anyamaze. Nilisuuza wembe, nikamgeuza kidevu taratibu, nikamalizia upande wa kushoto.